Kuchagua sili unapobadilisha madirisha ya nyumba ya zamani Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba nyingi za Upanga, Ilala, Magomeni, Kinondoni na Oyster Bay zilijengwa wakati ambapo dirisha la kawaida lilikuwa la fremu ya chuma, la mbao, au la vioo vya luva. Wenye nyumba hizo sasa wanayaondoa na kuweka ya alumini, na mazungumzo na fundi huwa marefu kuhusu rangi ya fremu na aina ya kioo. Kizingiti cha chini cha dirisha, ambacho mafundi wetu hukiita sili, huja kukumbukwa dirisha likiwa limekwisha kufungwa. Majibu yaliyo hapa chini yanawahusu wale ambao bado hawajamlipa fundi malipo ya awali.

Kwa nini sili iamuliwe kabla ya kuagiza dirisha?

Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni ya vipimo. Sili ina unene, na unene huo unakula sehemu ya urefu wa uwazi uliopo ukutani. Tuseme uwazi wako una urefu wa milimita 1,200 na unataka kuweka graniti ya unene wa milimita 20 juu ya udongo wa simenti (simenti iliyochanganywa na mchanga) wa unene kama huo; dirisha linabakiwa na milimita 1,160, na ndani ya hizo kuna nafasi ndogo ya kuchezea fremu inayopaswa kuachwa pande zote. Fundi wa alumini aliyepima uwazi mtupu na kutengeneza dirisha la milimita 1,190 atafika na dirisha lisiloingia, na mahali rahisi pa kupunguza ni sili. Hapo ndipo sili hukatwa mteremko wake, au huachwa kabisa na nafasi yake kuzibwa kwa plasta.

Sababu ya pili ni maji. Mvua yote inayopiga kioo hushuka na kuishia kwenye sili. Jiji letu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ikija katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi mvua hiyo husukumwa na upepo wa baharini. Sili iliyochaguliwa vizuri huyapeleka maji hayo nje ya uso wa ukuta. Iliyochaguliwa vibaya huyaingiza ndani ya ukuta, na mwenye nyumba huja kuona rangi ikivimba chini ya dirisha jipya, akalilaumu dirisha.

Je, ni lazima kubadilisha sili ya zamani?

Hapana, na kwa maoni yangu sili nyingi za zege zilizopo katika nyumba za miaka ya 1950 na 1960 ni bora kuliko zinazowekwa leo. Zilimwagwa nene, zikatokeza nje ya ukuta, na zikachorwa mfuo, yaani mfereji mwembamba wa kudondoshea maji, upande wa chini. Zikague kabla ya kuamuru zivunjwe. Gonga kwa nyundo ndogo urefu wote. Mlio wa uwazi unaonyesha kwamba zege limeachana na ukuta au limepasuka ndani. Weka pima maji juu yake uone kama bado inateremka kuelekea nje. Tazama kama kuna ufa unaofuata urefu wa sili na alama za kutu, kwa sababu hizo ni dalili kwamba nondo iliyo ndani imeanza kuoza. Ingia chumbani utazame pembe mbili za chini za dirisha, ambako unyevu huanza kuonekana.

Kisha pitisha kidole chini ya ukingo wa nje wa sili. Katika nyumba zilizopakwa rangi mara nyingi, ule mfuo wa kudondoshea maji huwa umejaa rangi na chokaa hadi umesawazika, na maji hutambaa chini ya sili mpaka ukutani. Kukwangua mfuo huo ni kazi ndogo, na wakati mwingine ndiyo matengenezo pekee yanayohitajika.

Umbo sahihi la sili ya nje ni lipi?

Umbo lina uzito kuliko malighafi, ndiyo maana swali hili linatangulia lile la graniti au zege.

Sili ya nje inapaswa kuteremka kuelekea nje kwa kiasi cha milimita 10 kwa kila milimita 100 za upana wake. Mteremko mdogo zaidi ya huo huonekana unatosha siku ya kwanza, lakini vumbi na majani yakikusanyika maji hutuama. Ukingo wake wa nje utokeze mbele ya uso wa ukuta kwa milimita 40 hadi 50, na upimwe baada ya kuhesabu unene wa plasta. Kosa la kupima kutoka kwenye tofali tupu ni la kawaida: sili inatokeza milimita 30 mbele ya tofali, inapigwa plasta ya milimita 20, na kinachobaki ni milimita 10 tu.

Upande wa chini wa sehemu hiyo inayotokeza, kiasi cha milimita 20 kutoka ukingoni, kuwe na mfuo wenye upana wa takriban milimita 10 na kina kinachokaribia huo, ukienda urefu wote wa sili. Maji yanayojaribu kurudi nyuma kwa chini hufika kwenye mfuo, hushindwa kuuvuka, na kudondoka. Bila mfuo, ukingo unaotokeza haufanyi kazi yote uliyowekewa.

Ncha mbili za sili nazo zina jambo lake. Sili iingie ndani ya ukuta kidogo kila upande, au iwe na ncha zilizoinuliwa, ili maji yasitiririke pembeni na kuingia kwenye kiungo cha sili na ukuta. Ile michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka pembe za chini za dirisha, inayoonekana kwenye kuta za maghorofa mengi mjini, hutokana na ncha zisizozuia maji.

Chini ya sili nzima, na kupanda kidogo nyuma ya fremu, fundi atandike nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Ni nyenzo ya bei ndogo na hairuhusu maji yaliyopenya kwenye ufa yaendelee kushuka ukutani.

Madirisha yangu ni ya chuma. Sili itaharibika yakitolewa?

Inaweza kuharibika. Fremu ya chuma imefungwa ukutani kwa mikono ya chuma iliyochimbiwa, na mara nyingi mguu wake wa chini umezama ndani ya zege la sili. Fundi mwenye haraka huing'oa kwa mtaimbo, na sili hupasuka. Njia ya uangalifu ni kuikata fremu vipande kwa grainda, kuanzia katikati, kisha kutoa kila kipande peke yake.

Jambo la kusimamia kwa macho yako ni mikono ile ya chuma. Fundi akiikata usawa wa ukuta na kuifunika kwa plasta nyembamba, itaendelea kupata unyevu na chumvi, itashika kutu, na kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa. Baada ya misimu michache sili mpya itapasuka mahali palepale. Mikono ichimbuliwe na kutolewa. Ule usiotoka ukatwe ndani, angalau milimita 25 kutoka usoni, upakwe rangi ya kuzuia kutu, na tundu lijazwe kwa simenti na mchanga.

Vipimo vichukuliwe lini, basi?

Baada ya fremu ya zamani kutoka, kingo kusafishwa, na sili kuwekwa au walau kukubaliwa unene wake kwa maandishi. Najua hili lina usumbufu, kwa sababu nyumba inakaa na uwazi unaozibwa kwa mbao au turubai kwa siku kadhaa, na usalama wa mtaa hauruhusu hivyo kila mahali. Ukilazimika kupima fremu za zamani zikiwa ukutani, fungua dirisha moja kwanza kama mfano, ujue kilichomo, kabla ya kuagiza yote. Katika nyumba ya zamani kila uwazi upimwe peke yake: upana juu, katikati na chini, na urefu pande zote mbili. Madirisha mawili yanayofanana kwa macho huweza kutofautiana kwa milimita 15.

Nichague malighafi gani kwa sili ya nje?

Zege ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa nyumba nyingi za kawaida. Linamwagwa kwa umbo unalotaka, pamoja na mteremko na mfuo, na linafuata ukuta usionyooka. Mchanganyiko wa simenti moja, mchanga mbili na kokoto ndogo nne unatosha. Nondo zilizomo zifunikwe na zege la milimita 25 au zaidi kila upande, na sili imwagiliwe maji kwa siku 7 kabla ya kubebeshwa chochote. Mchanga usiwe wa pwani: chumvi yake huozesha nondo kutoka ndani, na hakuna rangi ya juu itakayozuia hilo.

Teraso ni zege lenye vipande vya mawe, lililosuguliwa hadi kung'aa, na wakazi wa maghorofa ya zamani wanaifahamu kutoka sakafuni kwao. Hudumu sana na inafaa mno kwa nyumba ambayo tayari ina sakafu ya aina hiyo. Shida yake ni kwamba mafundi wanaoijua vizuri wamepungua, kwa hiyo omba kuona kazi waliyokwisha kuifanya.

Graniti ya milimita 20 ni imara, haifyonzi maji kwa urahisi, na chumvi ya bahari haiidhuru. Inakuja ikiwa bapa, kwa hiyo mteremko unatengenezwa na udongo ulio chini yake, na mfuo lazima ukatwe kwa mashine upande wa chini kabla ya kuibandika. Wauzaji wengi hawaukati mpaka waambiwe. Graniti nyeusi kwenye dirisha linalotazama magharibi hupata joto kali alasiri; rangi ya kijivu ni nafuu zaidi kwa chumba kilicho nyuma yake.

Jiwe la marumaru ni zuri kwa ndani. Nje huchakaa uso, na ndani huharibiwa na ndimu, siki na sabuni kali za chooni, kwa hiyo si la jikoni.

Bati la alumini lililokunjwa huwekwa juu ya sili ya zamani na kuifunika. Ni suluhisho la heshima pale ambapo sili ya zege ni nzima lakini uso wake umechoka. Lipewe nafasi ya kutanuka: bati la mita 2 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka kwa karibu milimita 2, na likibanwa ncha zote litajikunja. Lisilale juu ya simenti mbichi, kwa kuwa simenti mbichi hula alumini. Mvua kubwa hulipiga kwa kelele, jambo la kufikiria kama dirisha ni la chumba cha kulala.

Vigae, au tailizi, kwa sili ya nje siviungi mkono. Vinabandikwa kwa sababu vimebaki kutoka sakafuni. Vina viungo vingi, kila kiungo ni mlango wa maji, na ukingo wake wa mbele hauna mfuo wala hautokezi. Mbao kwa nje sitaizungumzia zaidi ya kusema kwamba jua na mvua za pwani huishinda, labda kama nyumba ina upenu mpana na mwenye nyumba yuko tayari kupaka mafuta au vanishi kila mwaka.

Fundi anasema dirisha la alumini halihitaji sili kwa sababu lina reli yake. Ni kweli?

Si kweli, na hapa ndipo madirisha mengi ya kuteleza yanapoharibikia. Reli ya chini ya dirisha la kuteleza hukusanya maji ya mvua; imetengenezwa ikijua hivyo, ndiyo maana ina matundu madogo upande wa nje ya kuyatoa. Matundu hayo yanahitaji kumwaga juu ya sili inayoteremka, iliyo chini kuliko reli. Katika nyumba ya zamani ambamo sili haikupangwa, fremu huwekwa chini ya usawa wa sili, kisha fundi huja na plasta au kigae na kuyafunika matundu. Reli inajaa, maji yanapanda, na siku ya mvua ya upepo yanafurika ndani. Mwenye nyumba huongeza silikoni nje, na kwa kufanya hivyo huziba hata kile kitundu kilichokuwa kimesalia.

Kwa hiyo kabla ya plasta ya mwisho, hesabu matundu ya kila dirisha na uhakikishe kwamba yako nje, wazi, na juu ya sili kwa milimita kadhaa. Kama fremu imekuja bila matundu, irudishwe ikatobolewe.

Nyumba yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuna tofauti?

Kuna tofauti kubwa. Majengo ya kale ya katikati ya jiji, kama Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, yana kuta nene za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu na kuutoa tena kwa kupumua. Ukiufunga kwa simenti nzito kuzunguka dirisha, unyevu hukwama nyuma ya simenti, chumvi hukusanyika hapo, na jiwe huanza kumomonyoka na kuwa unga. Sili mpya ilazwe juu ya udongo wa chokaa, na kingo zipigwe lipu ya chokaa. Sili yenyewe yaweza kuwa ya jiwe au ya zege iliyomwagwa pembeni na kuletwa ikiwa imekauka.

Uliza pia hadhi ya jengo lako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kihistoria, na katika jengo lililolindwa huwezi kubadilisha umbo la dirisha bila idhini. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako.

Sili ya ndani ina masharti gani?

Ni machache. Iwe imenyooka, ikaribie usawa mmoja na mguu wa ndani wa fremu bila kuupita, na itokeze ukutani milimita 20 hadi 30. Hapa mbao ina nafasi yake. Mninga, mkongo na msaji hustahimili mchwa, ila ni kiini cha mti tu kinachostahimili. Ule ukingo mweupe wa ubao huliwa kama mbao nyingine yoyote, kwa hiyo ukatae mbao zenye weupe. Mwambie seremala apake vanishi pande zote sita kabla ya kufunga, hasa upande wa chini unaogusa ukuta, kwa sababu baada ya kufunga hautafikika tena. Ukibaki na luva, ambazo huruhusu mvua ya upepo kupenya, achana na mbao uweke teraso au graniti.

Grili za nondo zifungwe kwenye sili?

Afadhali zisifungwe. Kila tundu linalotobolewa juu ya sili ni njia ya maji, na nondo zinazosimama juu yake huacha michirizi ya kutu. Zifungwe kwenye kuta za pembeni. Grili ya chuma isigusane na fremu ya alumini, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana kwenye hewa ya chumvi, alumini huliwa. Na katika kila chumba cha kulala, grili moja iwe ya kufunguliwa na mtu aliye ndani, ili aweze kutoka moto ukitokea.

Silikoni gani itumike?

Isiyo na asidi. Ile inayonuka siki inapokauka haifai kwa jiwe la marumaru, zege wala metali. Kiungo kiwe kikavu na kisafi, na silikoni isitumike kujaza pengo pana. Pengo la zaidi ya milimita 10 lijazwe kwanza.

Rangi ya zamani kwenye fremu na sili ina hatari?

Rangi za miongo iliyopita huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru zaidi watoto wadogo. Kwangua ukiwa umelowesha maji, usichome rangi kwa moto, watoto na vyombo vya chakula viondolewe chumbani, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa.

Ninaishi kwenye ghorofa la kupanga au lenye wamiliki wengi. Naweza kuamua mwenyewe?

Mpangaji, awe wa Shirika la Nyumba la Taifa au wa mtu binafsi, anahitaji ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi. Mmiliki wa sehemu ya jengo azungumze na uongozi wa wakazi, kwa kuwa uso wa nje wa jengo huhusu wote na sili yako inamwaga maji juu ya dirisha la jirani wa chini.

Kazi ifanyike mwezi gani?

Kati ya Juni na Septemba, kama una uhuru wa kuchagua. Mvua ni chache, ukuta umekauka baada ya masika, na utakuwa na muda wa kurekebisha kabla ya vuli.

Nitajuaje kwamba kazi imekamilika vizuri kabla ya kumalizia malipo?

Jaribu kwa maji, fundi akiwepo. Mwagia dirisha kwa bomba la bustani kutoka nje, ukianzia chini na kupanda taratibu, kwa muda wa kama dakika 10. Mtu mmoja akae ndani akipapasa pembe za chini na ukuta ulio chini ya sili. Nje, tazama mambo matatu: maji yatoke kwenye matundu ya reli, yasituame juu ya sili, na yadondoke kutoka ukingoni bila kurudi ukutani. Kisha funga bomba na upitishe mkono chini ya sili, nyuma ya mfuo. Hapo panapaswa kuwa pakavu. Weka sharti hili katika makubaliano tangu mwanzo, pamoja na sehemu ya malipo itakayosubiri jaribio, ili fundi ajue tangu siku ya kwanza kwamba maji yatamwagwa.